Maswali ya Bahari: Fedha ya Tilawa na waliozama nayo

Barua tatu nilizonazo mezani zimetoka kwa watu wasiojuana, na zote zimegota pahali pamoja. Kwa hiyo safari hii sijibu habari za mashine za boti wala za nyavu; hizo zitangoja toleo lijalo. Majina ya walioandika nimeyaacha, kama kawaida yangu.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Makadara, Mombasa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na jirani, bibi wa Kihindi, Mkachi. Kila mwezi wa Novemba alikuwa akipika halua akigawia watoto wa mtaa, akisema ni ya kaka yake aliyekwenda na Tilawa. Sisi watoto wa chuoni tulidhani ni tilawa ile ya Kurani, tukaamini kaka yake alifariki akisoma. Juzi juzi nimekuja kujua kwamba Tilawa ilikuwa meli, kwamba ilikuwa na fedha ndani, na kwamba kuna watu wamekwenda kuitoa hiyo fedha, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu ya Uingereza. Shemeji yangu anasema hapana ubaya: mali haina faida chini ya bahari, na aliyetoa gharama na ale. Nimeshindwa kumjibu, lakini moyo wangu unakataa. Wewe uliyefanya kazi ya uzamiaji, unasemaje?

Marahaba, mwalimu. Nianze na meli yenyewe, ili shemeji yako naye ajue tunazungumza nini.

Tilawa ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya British India, ile ambayo wazee wa Mombasa waliiita BI tu, na ambayo baada ya vita ilituletea Kampala na Karanja. Iliundwa mwaka 1924. Tarehe 20 Novemba 1942 iling'oa nanga Bombay kuja huku kwetu: kwanza Mombasa, kisha Maputo, ambayo siku zile iliitwa Lourenço Marques, mwisho Durban. Ilichukua abiria 732, mabaharia 222 na wapiga mizinga wanne. Abiria wengi walikuwa Wahindi wenye maduka, kazi na jamaa zao upande huu wa bahari.

Siku ya tatu, tarehe 23, kabla hakujapambazuka, nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga topido mamia ya maili kaskazini-mashariki ya Shelisheli. Mashua zikateremshwa kwa fujo, watu wakajirusha. Wapo waliokuwa wameanza kurudi walipoona meli bado inaelea. Hapo ikaja topido ya pili. Afisa wa redio alibaki kwenye mtambo wake akipiga ishara za kuomba msaada mpaka meli ikaenda naye. Waliosalia walikaa baharini siku mbili, hadi manowari ya Kiingereza Birmingham ilipofika tarehe 25 ikaokota watu 674, ikawarudisha Bombay. Wanne wengine waliokotwa na meli Carthage. Waliokufa ni watu 280. Huyo kaka wa jirani yenu ni mmoja wao.

Na tumboni mwa meli, katika shehena ya zaidi ya tani 6,000, kulikuwa na vipande 2,364 vya fedha. Nasema fedha madini, si pesa. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeinunua Bombay ipelekwe Pretoria, kwenye kiwanda chake cha sarafu, sehemu ikapigwe sarafu za kwake na sehemu za Misri.

Mwaka 2017 kampuni moja ya Uingereza, Argentum Exploration, ilipeleka mitambo kwenye kina cha kilomita mbili na nusu hivi, ikaitoa fedha ile, ikaifikisha Southampton na kuiandikisha kwa ofisa wa serikali anayepokea mali za meli zilizozama. Mkataba na Afrika Kusini haikuwa nao. Na hapa shemeji yako aelewe jambo moja: baharini kuokota si kupata. Mali iliyozama huendelea kuwa ya mwenyewe. Mwopoaji haki yake ni ujira, ambao mara nyingi ni mnono, kwa sababu kazi yenyewe ni ngumu na gharama yake ni kubwa. Mzozo uliofika mahakama ya juu ulikuwa juu ya ujira huo. Afrika Kusini ilisema: sisi ni dola, na mali ya dola haishtakiwi katika mahakama ya nchi nyingine isipokuwa ilikuwa katika shughuli za biashara. Mahakama mbili za chini ziliipa kampuni ushindi, mwaka 2020 na mwaka 2022. Tarehe 8 Mei 2024 Mahakama ya Juu ikapindua: fedha iliyokuwa imelala melini kama shehena haikuwa inatumika kwa biashara, basi kinga ya dola inasimama. Kufikia siku hiyo pande zote mbili zilikuwa zimekwishapatana zenyewe. Thamani iliyotajwa ni dola za Marekani milioni 43 hivi.

Nimekueleza kwa kirefu makusudi. Mahakama tatu, mawakili wa pande mbili, miaka karibu saba, na jambo zito lililopimwa ni kama fedha iliyolala tumboni mwa meli yaweza kusemwa kuwa "inatumika". Wale 280 hawakuwa upande wowote wa kesi. Hakuna mtu aliyefanya hila kuwatoa. Sheria iliyotumika haikuwa na kiti chao.

Nikwambie kwa nini hilo linaniuma mimi. Mwaka 1987, wakati wa kusi, tagi moja dogo la kuvuta matishari lilizama nje ya Kilindini na mabaharia wawili hawakuonekana tena. Bahari ilipotulia, Novemba, mnunuzi wa vyuma chakavu alinikodi mimi na wenzangu wawili tumtolee rafadha. Kina hakikuzidi mita 20. Mashine ya kukatia chini ya maji hatukuwa nayo. Tulikata mhimili kwa msumeno wa chuma na tindo, kwa zamu, siku nne. Shaba ile ikapimwa kwa kilo, tukalipwa pale pale.

Siku ya mwisho tuliposhuka pwani palikuwa na mwanamke amesimama, mtoto mgongoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kaka, ulichungulia ndani?" Nikamwambia sikuchungulia. Nilimwambia kweli. Siku nne mlango wa chumba cha injini ulikuwa juu kidogo ya kichwa changu, wazi, na sikutia taa, kwa kuwa tulichoagizwa ni rafadha. Akasema ahsante, akaenda zake. Juma la pili nilirudi peke yangu, mtungi wangu mwenyewe, hewa nimeilipia mwenyewe. Kwa kuikata ile rafadha tulikuwa tumeliinamisha tagi. Lilikuwa limelala ubavu, na mlango umeingia mchangani wote.

Tangu hapo kila nikisikia habari za kuopoa, swali langu huwa lile la yule mama. Sisemi kuopoa ni haramu. Nenda Fort Jesus, utaiona mizinga miwili ya vita vya kwanza: mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Königsberg ilitoka delta ya Rufiji usiku, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaikuta Pegasus bandarini Unguja inatengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Julai 1915 Königsberg nayo ikaishia mle mle Rufiji. Mizinga ya meli zote mbili ilitolewa, ikapelekwa bara kupigana, na miwili ikaishia Mombasa. Utotoni nimeipanda sana. Sioni kosa hapo, kwa sababu mabaharia wa Pegasus walizikwa kwanza. Wako Chapwani, kisiwa cha makaburi mbele ya mji wa Unguja. Anayetaka kuwazuru huenda kwa mashua. Watu walitangulia, chuma kikafuata.

Kwa Tilawa mambo yalikwenda kinyume. Jamaa za waliozama wapo. Tarehe 23 Novemba 2022, miaka 80 kamili, walikutana Mumbai kuwakumbuka watu wao. Fedha ilikuwa imekwishatolewa miaka mitano nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya Tilawa ilikuwa na daftari lake, kipande kwa kipande, ndiyo maana baada ya miaka 75 ilijulikana iko wapi na ni kiasi gani. Daftari la abiria lilikuwepo pia. Ni nani alilifungua kabla ya kuteremsha mtambo?

Utaniuliza sheria ziko wapi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya vyombo vilivyokuwa katika utumishi wa kijeshi. Mwenye duka anayerudi Mombasa na mkewe si mwanajeshi, kwa hiyo kaburi lake halina ulinzi ule. UNESCO nayo ina mkataba wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji, unaokataza mabaki hayo kufanywa bidhaa, lakini unahesabu vitu vilivyokaa majini miaka 100 na zaidi. Tilawa itatimiza miaka hiyo mwaka 2042. Ndiyo kusema meli za vita vya pili ziko katika mwanya, nje ya mkataba, katika miaka hii hii ambayo mitambo imekuwa na uwezo wa kuzifikia. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la kusahihishwa: mpaka uwe ni watu waliokufa ndani, usiwe umri wa mbao na chuma.

Kuhusu upande wa dini, fatwa siitoi, kwa sababu si kazi yangu. Lakini wewe umesoma chuoni, unajua lukata inavyosimamiwa: aliyeokota kitu hukitangaza kwanza. Hakifichi mpaka atakapofika nacho bandarini.

Basi mwambie shemeji yako hivi. Fedha ni ya Afrika Kusini. Gharama ni ya kampuni, na mtu aliyetoa gharama simwonei ujira wake. Lakini pale mahali ni pa wale 280, na hodi haikupigwa kwa jamaa zao. Na wewe nina ombi kwako: kama jirani yenu ameacha watoto au wajukuu, waulize kaka yake aliitwa nani, alikuwa na umri gani, alikuwa anarudi kufanya kazi gani. Andika. Watoto wa darasa lako wajue kwamba meli iliyokuwa inakuja Kilindini haikufika.

Mzee wangu, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nina miaka 29. Nimesomea kuendesha roboti za majini, na nimefanya vibarua kwenye meli za utafiti wa gesi huko Mtwara. Sasa nimepata ajira kwenye meli inayotafuta shehena za zamani bahari kuu, miezi sita, mshahara ambao sijawahi kuuona. Wameniambia ni meli ya vita vya pili, jina nitaambiwa nikishapanda. Mama anasema nisiende kuchokoa makaburi. Nina wadogo watatu shuleni. Niende?

Kijana wangu, mama yako amesema neno la maana na wewe una wadogo watatu shuleni, kwa hiyo sitakujibu kana kwamba mshahara si kitu.

Kazi hii ina namna zake. Mwaka 1981, nikiwa mzamiaji mchanga, tulikuwa tukikaa na redio jioni kusikiliza habari za dhahabu ya Edinburgh. Hiyo ilikuwa manowari ya Kiingereza, ilizamishwa Mei 1942 katika Bahari ya Barents, ikiwa na vipande 465 vya dhahabu ambavyo Urusi ya Kisovieti iliwalipa wenzake kwa silaha. Wanaume 58 walikufa melini. Uingereza iliihesabu kuwa kaburi la vita, na kampuni zilizotaka kuilipua kwa baruti zikakataliwa. Kazi wakapewa waliokubali kukata tundu moja na kuingia kwa mikono. Wazamiaji waliishi majuma ndani ya chumba cha mgandamizo, wakipumua gesi ya heliamu, wakishuka mita 240 kwenye maji ya baridi kali. Walitoa vipande 431, na miaka mitano baadaye vikatolewa 29. Mkataba uliandikwa kabla: nani atapata nini, na nini kisiguswe. Mimi nawaheshimu watu wale. Waliiona meli kwa macho yao, na kila kipande kilipita mikononi mwao.

Wewe hutashuka. Utakaa kwenye kiti, kikombe cha chai pembeni, na ile meli itakuwa skrini. Ndiyo sababu nakuambia uwe mwangalifu kuliko sisi. Baharini mwili wenyewe hukukumbusha kwamba umeingia kwa watu: baridi, giza, hewa inayohesabika. Kwenye skrini hakuna wa kukukumbusha, na ukifanya miezi sita utaona mbavu za meli kama rafu za duka.

Fikiria Gairsoppa. Ilitoka Calcutta, ikazamishwa Februari 1941 kusini-magharibi ya Ireland, na katika watu 86 alisalimika mmoja. Waopoaji wa Marekani, kwa mkataba na serikali ya Uingereza, waliifuata fedha yake kwenye kina cha karibu mita 4,700, wakatoa tani kama 110. Lakini pamoja na fedha walikuta barua, mamia, ambazo watu waliokuwa India walikuwa wameziandikia familia zao Uingereza mwishoni mwa mwaka 1940. Karatasi zilikuwa zimegandamana matopeni bila hewa, hazikuoza. Zilitolewa, zikasafishwa ukurasa kwa ukurasa, zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya posta London. Barua hazina soko la kulipia meli ile hata siku moja. Kuna mtu alizitambua kwenye tope akasema simamisha. Ukienda, uwe mtu huyo.

City of Cairo nayo, iliyozamishwa Novemba 1942 katika Atlantiki ya kusini na watu 104 wakafa, ilikuwa na rupia za fedha tani 100 hivi. Waliokwenda kuzitoa, kina cha mita 5,150, waliacha kibao kule chini kusema kwamba walikuja kwa heshima. Wengine wanakicheka kibao kile, kwa kuwa fedha waliondoka nayo. Mimi sikicheki. Ila naona kibao kimewekwa mahali ambapo hakuna mjane wala yatima atakayekisoma. Kingepelekwa nyumbani kwao.

Sasa jambo la kukutisha. Novemba 2016 Waholanzi walikwenda Bahari ya Java kuzuru manowari zao zilizozamishwa Februari 1942, na mamia ya mabaharia ndani. De Ruyter haikuwepo. Java haikuwepo. Kortenaer ilikuwa imebaki pande. Palikuwa na alama tu mchangani. Waliofanya hivyo hawakufuata dhahabu. Walifuata chuma na shaba, kama mimi na rafadha yangu, ila walikuwa na makucha ya kreni na waliondoka na kila kitu, na waliokuwa ndani. Kwenye meli kama hiyo usipande, hata kama wadogo zako watakosa ada muhula mmoja. Ada nitakusaidia kuwaombea.

Kwa meli yako, kilichonisimamisha ni maneno "jina nitaambiwa nikishapanda". Siri kwa washindani naielewa. Mtu hatangazi mahali alipoona samaki. Lakini wewe si mshindani, wewe ni fundi wao. Waandikie leo. Waulize mwenye shehena ni nani na kama ana mkataba nao. Waulize watu wangapi walizama na meli hiyo, na kama orodha ya majina wanayo ofisini. Angalia wanavyolijibu hilo la pili. Mtu anayejua idadi ya vipande vya fedha na hajui idadi ya watu amekwishakuambia kazi itakavyokuwa. Na uombe iandikwe kwenye mkataba wako kwamba mwendesha roboti akiona mabaki ya mtu, mtambo unasimama, mahali panaandikwa, pasiguswe. Wakikataa kuandika sentensi hiyo moja, rudi Mtwara.

Wakikubali, nenda, na mama yako mwambie nimesema mimi. Halafu usiku ule wa kwanza, kabla hujawasha mtambo, jitambulishe. Sisi tulikuwa tukisoma Fatiha kabla ya kushuka kwenye chombo kilichoua. Wewe soma unachokijua.

Mzee, mimi naandika kutoka Nairobi, kwetu ni Machakos. Baba ya nyanya yangu alikuwa askari wa mizinga, akapita Kilindini Februari 1944, na hakurudi. Kilichokuja nyumbani ni karatasi ya serikali. Tumeambiwa meli yake iliitwa Khedive Ismail. Siku hizi tunasikia meli za zamani zinagunduliwa kila mwaka. Nyanya ana miaka 84, macho yamefifia, na ameanza kuuliza kama hiyo nayo itatolewa. Tumwambie nini?

Mwambie nyanya kwamba meli ya baba yake inajulikana, na iliyompata inajulikana.

Khedive Ismail iliondoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944 katika msafara wa kwenda Colombo. Ilikuwa na watu 1,511. Kikosi kikubwa zaidi ndani yake kilikuwa Rejimenti ya 301 ya East African Artillery, watu 996, askari wa huku kwetu pamoja na maofisa wao. Walikuwemo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Mchana wa tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika chache sana, wengi wakiwa chini, ndani. Manowari zilizokuwa zikilinda msafara ziliisaka nyambizi kwa mabomu ya majini pale pale penye watu wanaoelea, kisha zikaizamisha. Walikufa watu 1,297. Sitakupambia habari hiyo. Nyanya ana miaka 84, amestahili kuijua ilivyo.

Hazina haimo katika habari za meli ile, kwa hiyo mwenye kutafuta fedha hana cha kumpeleka. Ikitokea siku imeguswa na kamera, mimi nitaomba iishie kuwa kamera. Kaburi la watu 1,297 lina umbo lake, nalo ni ile meli.

Lakini nyanya anachouliza, nadhani, si chuma. Anauliza kama baba yake yuko mahali. Yuko Nairobi. Barabara ya Ngong, ndani ya makaburi ya vita, pana mnara uitwao East Africa Memorial wa watu wasio na kaburi, na askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wamo katika majina yake. Katika vita vya kwanza maelfu ya wapagazi na askari wetu hawakuandikwa popote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo yenyewe katika ripoti yake ya mwaka 2021. Wa Khedive Ismail waliandikwa.

Kabla hujaenda, ingia kwenye tovuti ya tume hiyo, ina orodha ya kutafutia bure. Weka tarehe 12 Februari 1944 na East African Artillery, halafu jina. Usilitafute kama mnavyoliandika nyumbani tu. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: Mutua aweza kuwa Mtua au Motua, na jina la baba laweza kusimama peke yake bila la kwanza. Jaribu yote, na namba yake ya jeshi kama ile karatasi ya serikali bado mnayo, kwa sababu namba haikosewi kama jina. Ukilipata, andika namba ya ubao wake.

Kisha mchukue nyanya asubuhi, kabla ya jua kali, na kiti cha kukalia. Mwonyeshe mahali. Na kwa kuwa macho yake yamefifia, msomee kwa sauti, na ukimaliza jina la baba yake msomee pia la juu yake na la chini yake, wale waliokuwa naye.